Matundu ya Chini ya Landrova

Koku mwanangu,

Nakuandikia mchana huu wakati wewe na mama yako mmekwenda Kanoni kumuaga bibi. Mvua imenyesha ikakatika, na mimi nimekaa hapa barazani na daftari juu ya goti. Mikono bado inanuka grisi ingawa nimeinawa mara tatu kwa sabuni ya mche. Mkirudi jioni mama yako atakupa barua hii. Amekubali kukupa, lakini amekataa kuisoma. Amesema, "Mimi yangu nilishayasikia kwa mdomo wako. Hiyo ni ya mtoto."

Sitakuandikia habari za chandarua, wala namna ya kukaa na wasichana wenzio bwenini, wala nani wa kumtafuta ukishuka melini Mwanza. Hayo mama yako ameyarudia wiki nzima, nadhani hata kuku wetu wameyashika. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unaanua maharage, nikaishia kukuuliza kama mvua itanyesha. Mara ya pili nilikuita kwenye banda la gari, ukaja ukasimama, nikakutuma spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi. Ulicheka sana siku ile. Mara ya tatu sitaki hata kuikumbuka. Kwa hiyo naandika, maana karatasi hainitazami usoni.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho atakayeendesha Landrova kukupeleka Bukoba ni mjomba wako Evodi. Najua ulidhani dereva atatoka Kayanga. Umemwona mjomba wako mwezi huu wote akiwa chini ya gari, na kila akiwapo umekuwa ukipitia mlango wa uani. Ukaniuliza mbona amerudi, nikakujibu kwamba ananisaidia springi. Sasa ujue: siku ile gari lilipoingia mtaroni ukavunjika kiwiko, kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu. Nilijua tangu kesho yake asubuhi, na nimelinyamazia miaka minane.

Haya, nimeshaliandika. Ngoja nivute pumzi, halafu nikueleze tangu mwanzo.

Gari lile tulilipata mimi na mjomba wako mwaka mmoja baada ya vita. Hata wakati huo lilikuwa zee. Ni la tangu kabla ya Uhuru, na lilikuwa limetelekezwa kwenye shamba la mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu wa Muleba. Kuku walikuwa wakitagia chini ya kiti cha dereva. Tulilivuta kwa trekta la kuazima hadi hapa Bugene, mama yako akatuuliza kama tumeleta gari au tumeleta banda la kuku. Tukagawana kazi. Evodi alikuwa dereva, na dereva kweli, anayejua kulibembeleza gari kwenye utelezi. Mimi nilikuwa fundi. Ufundi wenyewe nilikuwa nimeupata kwenye karakana moja ya Bukoba, kwa kufagia na kutazama. Niliondoka pale nikijua nusu ya kazi na nikiamini najua yote.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Chini ya gari kama lile kuna boriti mbili ndefu za chuma, kutoka mbele hadi nyuma, zimeunganishwa na nyingine fupi. Ndiyo chesisi. Injini, bodi, watu, mizigo, vyote vinakaa juu yake, na springi za magurudumu zimeshikwa kwake. Boriti hizo zina uwazi ndani kama mwanzi. Na upande wa chini zina matundu madogo. Nilipoyaona matundu yale nilifikiri ni mahali pa nati zilizoibwa. Nikachonga vizibo vya mti, nikaviloweka kwenye oili, nikayaziba yote, moja baada ya jingine. Halafu, kwa kuwa boriti zilikuwa zikivuma gari likitembea na vumbi letu jekundu lilikuwa likiingia ndani, nikachukua majani makavu ya migomba, nikayachovya kwenye oili chafu, nikayashindilia kwa fimbo kuanzia nyuma hadi mbele mpaka yakajaa.

Usinicheke. Wewe unajua kwetu kitu cha kutunzwa hakiachwi wazi. Chumvi tunaifunga kwenye jani. Senene tunawafunga kwenye jani. Kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni inafungwa kwenye jani, na maharage ya mbegu vilevile. Mimi nilikulia ndani ya majani ya mgomba, ikaniingia akilini kwamba nikilifungia gari majani tumboni nitakuwa nimelitunza. Nilijisikia fundi kuliko mafundi wote wa wilaya hii. Evodi alilala chini akachungulia, akaniuliza, "Shemeji, kwani haya matundu mzungu aliyatoboa ya nini?" Nikamjibu, "Mzungu naye hukosea." Tukacheka wote wawili.

Matundu yale yalikuwa ya kutolea maji. Hakuna zaidi ya hapo. Maji ya barabarani lazima yataingia kwenye boriti, na aliyelitengeneza gari alijua hivyo, akaliachia mahali pa kuyatoa likauke. Mimi niliyaziba, kisha nikajaza ndani kitu cha kuyashika maji. Na jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba nimelima kibanja tangu nikiwa mdogo. Kila mwaka natandaza majani makavu chini ya migomba ili udongo usikauke. Kazi ya majani yale naijua kuliko ninavyoijua sala. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza yatafanya nini ndani ya chuma.

Miaka minne gari lilitembea, nje linang'aa, ndani linaoza.

Siku yenyewe unaikumbuka kwa sehemu. Mlikuwa mnatoka harusini Kanoni, wewe una miaka kumi, umekaa nyuma juu ya magunia. Mbele kulikuwa na Evodi, na nyuma pamoja nawe madumu mawili ya pombe ya rubisi ambayo bibi alimpelekea mama yako nyumbani. Kwenye ule mteremko mrefu, mkono wa chuma unaoishikilia springi ya mbele kushoto uling'oka kwenye chesisi, na kipande cha boriti kikatoka nao. Gurudumu likarudi nyuma, likakwama, gari likavuta kushoto na kuingia mtaroni. Mjomba wako alikutoa, akakubeba mgongoni, akakimbia nawe hadi zahanati, na yeye mwenyewe mbavu mbili zilikuwa zimepasuka. Hatukuzijua hizo mbavu hadi wiki iliyofuata, maana hakusema.

Umeniambia mara nyingi kwamba unachokumbuka ni harufu ya rubisi shingoni mwake. Ndiyo maana umemwogopa, nami nilikuacha umwogope. Koku, madumu yale yalipasuka. Yaliwamwagikia wote wawili. Nilipofika zahanati nikakupakata, wewe ndiye uliyekuwa unanuka rubisi kuliko mtu yeyote mle ndani, hadi mganga akauliza kwa utani huyu mtoto amekunywa vikombe vingapi. Mjomba wako alikuwa ameonja harusini kama mgeni yeyote anavyoonja ili asimkosee mwenyeji. Hakuwa amelewa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu kulitazama gari. Nikaingia chini kwa mgongo, kwenye matope. Pale chuma kilipochanika palikuwa pekundu na pembamba, nikagusa pakabanduka. Na katika ule mpasuko lilikuwa limechungulia jani la mgomba, limelowa, linadondosha maji. Hakuna aliyekuwapo. Nililitazama muda ambao siwezi kukuambia ni mrefu kiasi gani. Kisha nikalisukuma ndani kwa kidole, nikachota tope nikaziba juu yake.

Hilo ndilo kosa langu. La kuyajaza majani lilikuwa la mtu asiyejua. La kidole kile nalijua jina lake, na siwezi kulisingizia ujinga.

Jumapili ukoo wa mama yako ukakaa Kanoni. Mama yako alikuwa amekupakata, mkono wako umefungwa vibao. Evodi akaulizwa ilikuwaje. Akasema, "Nilikanyaga breki, gari likavuta kushoto. Labda nilichelewa kukanyaga." Alisema labda. Mtu mwingine angetafuta pa kutupia lawama, yeye akasema labda nilichelewa. Halafu wakanigeukia mimi. "Fundi, gari lilikuwa na kasoro?"

Nikasema, "Mimi sikuona kitu."

Maneno matatu tu hayo, mwanangu. Kutokana nayo mjomba wako aliapa hatashika usukani tena. Akahamia Isingiro kulima shamba la kukodi, mtu ambaye tangu ujana wake hajui jembe vizuri. Mama yako akaacha kusema na kaka yake wa tumbo moja, kwa sababu ya kiwiko chako na kwa sababu ya neno langu. Bibi akawa hana mtoto wa kiume wa kumjia Krismasi. Na kwenye msiba wa babu yako, ulipokuwa unapita ukiwaamkia wakubwa waliokaa kwenye benchi, ulinipa mimi shikamoo, ukampita mjomba wako, ukampa shikamoo aliyekuwa kando yake. Alikuwa ameshanyosha mkono. Niliuona ukirudi mfukoni. Nilikuwa nimekaa karibu yake kiasi kwamba bega langu lilikuwa linagusa lake, na nikaendelea kunyamaza.

Ningependa kukuambia kwamba nililifufua gari kwa sababu dhamiri ilinisuta. Haikuwa hivyo. Lilikaa nyuma ya nyumba miaka yote hiyo, mmea wa maboga umelipanda hadi juu ya bodi, na mimi nikawa nalizunguka nikienda kibanjani. Mwaka huu, majuma machache baada ya barua yako ya chuo kufika, alikuja yule mnunuzi wa vyuma chakavu na lori lake na mitungi yake ya gesi. Mama yako alikubali mara moja. Yule bwana akasema atalikata vipande palepale uani. Nikaona akilini mwangu boriti inafunguka, majani yanamwagika, na watu wote wamesimama wanatazama. Nikaruka kama niliyekanyaga siafu. Nikasema gari haliuzwi, nalifufua mwenyewe limpeleke mwanangu chuo.

Wewe ulinikumbatia, unakumbuka? Majirani wakanisifu. Nilikuwa nimesema vile kwa woga tu, nipate kuyatoa majani yangu bila mtu kuona.

Nikalijengea banda, kazi ikaanza. Nati za springi zilikuwa zimeungana na kutu, nikazimwagia dizeli siku tatu mfululizo, nyingine hazikusikia hata hapo, nikazikata kwa tindo. Springi nikazishusha. Kila springi ni vipande vya chuma vilivyolaliana, virefu juu na vifupi chini, na nilipozifungua nilikuta vumbi la kutu katikati yao kama ugoro. Yote hayo niliyafanya haraka, nikijidanganya kwamba nimekazana. Kisha ikabaki boriti ya kushoto. Nilingoja siku mama yako amekwenda sokoni Kayanga, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata.

Yalitoka debe zima. Yalikuwa meusi, yamelainika, yamechanganyika na mchanga, na yalikuwa na minyoo. Minyoo, Koku, ndani ya gari! Nikakaa chini nikalitazama lile debe. Nilikuwa nimekusudia kuyachoma, lakini kitu kibichi vile hakiungui. Nikiwa bado nimekaa, mama yako akarudi, kwa sababu alisahau kikapu cha ndizi mbivu. Akatazama debe, akachukua mkononi, akasugua kama anavyosugua udongo.

"Mbolea nzuri hii," akasema. "Umeitoa wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, na uongo wenyewe ulikuwa rahisi. Lakini mama yako alikuwa na furaha na ile mbolea. Alikuwa anaangalia ni mgomba gani aupe. Nikashindwa. Nikamwambia, "Nimeitoa ndani ya gari. Niliiweka mimi." Nikamweleza hadi kwenye kidole. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye gurudumu la akiba, akafunika uso kwa kanga, akakaa hivyo mpaka nikafikiri niite mtu. Kisha akasema, "Kesho nenda Isingiro. Usirudi na salamu. Rudi na kaka yangu."

Niliondoka alfajiri kwa baiskeli, kipande cha boriti nimekifunga kwa gunia kwenye karia, nikafika jua limeshainama. Evodi alikuwa anapalilia maharage. Alinipokea kwa heshima kama mgeni, "Karibu waitu, shemeji," akanipa kigoda. Amezeeka, mwanangu. Nikalifungua gunia nikaweka chuma mbele yake.

"Hiki nini?"

"Boriti ya mbele kushoto. Pale springi iliposhikwa."

Akakibonyeza kwa kidole gumba, kikabanduka. Akaingiza vidole ndani, akatoa kipande cha jani kilichokuwa kimegandia kwenye kona. Akakinusa.

"Hili ni jani la mgomba."

"Ndiyo."

"Nani aliliweka?"

"Mimi. Uliniuliza habari za matundu, nikakujibu mzungu naye hukosea." Nikamwambia na ya asubuhi ile, na ya kidole.

Akaliviringisha jani lile kati ya vidole. Halafu akasema, bila kunitazama, "Miaka minane nakanyaga breki usingizini. Mke wangu ananiamsha, ananiambia Evodi unapiga ukuta mateke. Kila mara nachelewa. Mtoto yuko nyuma, na mimi nachelewa."

"Hukuchelewa," nikamwambia. "Ungekanyaga mapema kiasi gani, lingekwenda kushoto tu."

Akainuka, akachukua jembe, akaenda shambani na giza lilikuwa linaingia. Mke wake alinipakulia, nikala peke yangu. Asubuhi sikumwona. Nilipanda baiskeli yangu nikarudi, bila kaka wa mtu, na mama yako aliniwekea chai bila kuniuliza lolote.

Wiki mbili baadaye lori la kahawa lilisimama pale barabarani, akashuka mtu na gunia. Lilikuwa gunia langu, na chuma chake ndani. Akaja moja kwa moja hadi kwenye banda, akainama akachungulia chini ya gari.

"Nimekuja kuona safari hii umeziba nini," akasema.

Mama yako alikuwa jikoni. Alitoka mbio na mwiko mkononi, na sitakuandikia walivyokumbatiana, mwombe akusimulie mwenyewe. Mimi nilijifanya natafuta nyundo.

Tangu siku hiyo tumefanya kazi wawili. Springi tulizipeleka kwa mfua chuma wa nyuma ya kilima, akazitia motoni moja moja na kuzirudishia upinde wake kwa nyundo. Kipande kimoja kilikuwa na ufa, akatutengenezea kingine kutokana na springi ya lori. Bushi za mpira za ukubwa wetu hatukuzipata, tukazichonga kwenye tairi kuukuu, na Evodi alizikataa zangu mara mbili kwa sababu zilikuwa zinacheza. Zamani ningekasirika. Boriti mpya tuliichomelea Kayanga, na mchomeleaji alipotaka kupiga puti sehemu moja ili ionekane laini, nilimwambia hapana, acha ionekane ilivyo, nataka kuona ikianza kuoza. Matundu ya chini tumeyatoboa yote, na tumemwaga ndoo ya maji juu tukaitazama ikitoka chini, kama watoto. Kila asubuhi mjomba wako anapitisha kijiti kwenye kila tundu. Mimi hanipi hiyo kazi.

Hajawahi kuniambia amenisamehe, nami sikumwomba anitamkie. Jambo alilolisema ni hili, tukiwa tunafunga gurudumu la mwisho: "Mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie. Nitamwendesha akiwa anajua. Sitaki anipandie anatetemeka kwa jambo ambalo sikulifanya."

Jumatano iliyopita tulilijaribu. Tulipakia magunia na mikungu ya ndizi, tukaenda hadi juu ya mteremko ule. Evodi akasimamisha gari, akazima injini.

"Shuka," akaniambia.

"Kuna nini?"

"Nenda nyuma. Kaa pale alipokaa mtoto."

Nikaenda nyuma nikakaa juu ya magunia. Ukikaa pale huoni barabara, unaona kisogo cha dereva na mbingu tu. Nilikuwa sijawahi kukaa pale. Miaka minane nilikuwa nimelifikiria lile gari upande wa chini wake, chuma na nati, na sikuwahi kufikiria mtoto wa miaka kumi alikuwa anaona nini. Akawasha, tukaanza kushuka. Springi zikapokea mashimo yote, gari likawa linainama na kuinuka taratibu, halikuvuta kushoto wala kulia. Chini kabisa, kando ya mtaro, akasimama, akashuka, akaokota kijiti, akazibua tundu moja. Maji mekundu yakadondoka. Akacheka kwa sauti, kile kicheko chake cha zamani. Mimi nililia. Siwezi kusema lilikuwa vumbi, maana mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Tangu Jumatano nalala usingizi wa kitoto. Mama yako analalamika kwamba nimeanza kukoroma upya. Sikujua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nalala nusu. Nashukuru, mwanangu, nashukuru hata kwa yule mnunuzi wa vyuma na mitungi yake.

Kwa hiyo naomba unisamehe kiwiko chako, ambacho hakinyooki hadi mwisho. Naomba unisamehe zaidi kwa kukuacha umwogope mtu aliyekubeba mgongoni na mbavu zake zimepasuka. Usinijibu leo. Ukikasirika, kasirika, una haki, na mimi nipo.

Huko unakokwenda utajifunza kuhudumia wagonjwa, na iko siku utakosea. Utampa mtu dawa ya mwenzake, au utasahau kitu ulichoambiwa. Sikuombi usikosee, ningekuwa na uso gani. Nakuomba tu kwamba siku hiyo ukiliona jani limechungulia, usilisukume ndani. Mwite mtu, hata kama atakufokea. Hasira ya mjomba wako ilichukua wiki mbili, na mimi niliiogopa kwa miaka minane.

Ukiona bado huwezi kupanda kwake, lipo basi la asubuhi, na Evodi amesema atakubebea sanduku lako hadi kituoni wala hatanuna. Chagua unavyojisikia.

Lakini ukichagua Landrova, kiti cha mbele ni chako. Mimi nitakuwa nyuma juu ya magunia hadi Bukoba, nimeshazoea. Mjomba wako atapiga honi mara moja, halafu atashuka asimame kando ya mlango, maana ndivyo alivyokuwa akifanya zamani. Hatanyosha mkono, nadhani, kwa ajili ya siku ile ya msiba. Mwanangu, nenda kwake kwanza. Shikamoo ya kesho ianze kwake, na yangu itanikuta huko nyuma.

Baba yako